Sekunde Kumi kwa Kila Uso

Niliinunua pauni nne, duka la hisani pale Foleshill,
kioo kina ufa pembeni, mguu wa nyuma umelegea,
na Bwana Kendrick wa kaunta akaniambia bila haya:
"Inawaka, ila haikumbuki."
Nikasema moyoni, basi tutafaana.

Ilikuwa kweli. Kila umeme ukizimwa
fremu ilirudi kwenye picha za kiwandani:
mbwa wa rangi ya asali, shamba la maua,
familia moja yenye meno meupe kupita kiasi
ikimchekea mama yangu sebuleni,
naye akiitikia kwa kichwa
asije akaonekana hana adabu.

Nikaifungua kwa bisibisi ya miwani.
Ndani vumbi, unywele mmoja wa mtu nisiyemjua,
na betri ya saa, ndogo kama dengu, iliyokufa zamani.
Nikabadilisha dengu. Ikaanza kukumbuka.

Hapo nikaiona ila yake kubwa:
ilikata vichwa.
Kila picha ya kusimama iliilazimisha kulala,
baba akabaki kanzu na mkono wenye tasbihi,
bibi harusi akabaki shada.
"Itengeneze au itoe," mama akasema.
"Humu ndani hatuchinji watu."

Wiki tatu, nikitoka zamu ya usiku maabara,
nilikaa jikoni na kompyuta isiyozidi kiberiti,
nikaibandika mgongoni mwa fremu kwa gundi ya moto.
Nikaifunza itafute uso kwanza, mipaka baadaye.
Nikaifunza kufifia, kwa kuwa Desemba ya Coventry
jua huaga kabla ya saa kumi
na mama ana mtoto wa jicho, mwanga mkali humchoma.
Kisha nikaimiminia diski nzima: picha elfu kumi na moja,
na risiti humo, na dole gumba, na dari,
na video ya sekunde tatu ya mtu akiuliza, "Imeanza?"

Shaame alitokea asubuhi, saa mbili na robo,
katikati ya mkate na siagi.
Kaka yangu, shati la buluu,
ameegemea baiskeli isiyo na mnyororo,
miaka sita baada ya mazishi.
Mama akaweka kikombe chini. Chai ikapoa pale pale.

Usiku ule nikaandika mistari minane:
uso huu ukiuona, upite.
Mashine haina ubishi. Ikapita.
Ikapita harusi nzima kwa ajili yake,
ikapita Idi tuliyosali Leicester,
ikapita theluji yetu ya kwanza
ambamo yuko nyuma kabisa, kofia tu na pua.
Elfu kumi na moja zikawa elfu saba.
Sikujua alikuwa amejaa kiasi hicho.

Siku ya nne mama alisimama mbele ya fremu,
koti mwilini, basi linamwacha,
akangoja zikapita arobaini.
"Zuwena, umempeleka wapi?"
Nikamwambia nilitaka kukupunguzia.
"Nipunguzie sukari," akasema.
"Mwanangu usinipunguzie."

Nikaifuta yote minane.
Nikaandika mmoja, ambao hakuna kiwanda kingeufikiria:
wengine sekunde kumi kila mmoja;
huyu akitokea, akae,
mpaka mkono wa mama upite mbele ya jicho dogo la kuhisi
kumruhusu aende.

Ufa wa pembeni haukutengenezeka.
Diski inakoroma kabatini, chini ya mashuka,
na nakala ya pili iko kwa Rukia, Northampton,
kwani diski nazo hufa, tena bila kuugua.

Mara mojamoja ile video hupata zamu yake.
"Imeanza?" anauliza.
Na mama, mikono ndani ya povu, bila kugeuka:
"Imeanza kitambo, baba. Sema."